Albrecht Zimmermann

Albrecht Zimmermann (jina kamili: Philipp Wilhelm Albrecht Zimmermann, 1860 – 1931) alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani. Alifanya kazi kwa takriban miaka 20 katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga. Katika biolojia anakumbukwa kwa utafiti wake juu ya minyoo ya mizizi ya kahawa, bakteria wanaoishi ndani ya majani ya mimea fulani, na ugonjwa wa batobato wa mihogo. Katika historia ya Tanzania anakumbukwa pia kama mkurugenzi wa Amani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kituo kilipogeuka kuwa kiwanda kidogo cha kemikali na kutengeneza kwinini, sabuni, vileo na bidhaa nyingine ambazo koloni halikuweza tena kuziagiza kutoka nje.

Maisha ya awali

Zimmermann alizaliwa mwaka 1860 mjini Braunschweig, kaskazini mwa Ujerumani. Alisomea sayansi asilia, kisha akafundisha botania katika chuo kikuu cha Tübingen. Mwaka 1892 alitoa kitabu juu ya mbinu za kuchunguza mimea kwa hadubini, ambacho mwaka uliofuata kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kutumika katika maabara za nchi mbalimbali.

Kitabu hicho kinastahili kutajwa kwa sababu kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kitabu cha kemia. Mtu anayetaka kuona wanga, mafuta, tanini au alkaloidi ndani ya seli ya mmea hana budi kutumia dawa inayobadilisha rangi ya kitu hicho peke yake. Dawa ikizidi kidogo, seli huharibika. Ikipungua, hakuna kinachoonekana. Zimmermann alizoea kazi ya namna hiyo, yaani kupima matone, kuhesabu dakika na kuandika kila hatua ili mtu mwingine aweze kuirudia. Hakuwa mkemia wa viwandani, lakini alikuwa na tabia ambayo kiwanda chochote cha dawa hudai.

Java

Mwaka 1896 alikwenda kisiwa cha Java, wakati huo koloni la Uholanzi, kufanya kazi katika bustani ya mimea ya Buitenzorg (leo Bogor, Indonesia). Bustani hiyo iliongozwa na Melchior Treub, ambaye alikuwa ameifanya kuwa kituo mashuhuri kuliko vyote vya utafiti wa mimea ya nchi za joto. Zimmermann alipewa kazi ya kuchunguza magonjwa ya kahawa. Mwaka 1898 alieleza aina ya minyoo wadogo sana wanaotoboa mizizi ya mibuni. Leo wanaitwa Pratylenchus coffeae, na jina la Zimmermann bado huandikwa baada ya jina hilo kama mtu wa kwanza aliyewaeleza. Mwaka 1902 alichapisha maelezo juu ya vinundu vilivyojaa bakteria katika majani ya mimea ya familia ya mbuni.

Java ilimwonyesha pia jambo ambalo halikuwa kazi yake rasmi. Kisiwa hicho kilikuwa kitovu cha mikwinini duniani. Mti huo asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na ganda lake lina kwinini, iliyokuwa dawa pekee ya uhakika dhidi ya malaria kwa wakati ule. Waholanzi walikuwa wamepata mbegu bora mwaka 1865 kupitia mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger, aliyezipata kwa msaada wa Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Andes aliyeijua miti hiyo. Huko Java walipima kiasi cha kwinini katika ganda la mti mmojammoja, wakabakiza mizuri na kuipandikiza. Mwaka 1896, mwaka uleule Zimmermann alipofika, kiwanda cha kwinini kilianzishwa mjini Bandung. Kabla ya vita ya 1914 sehemu kubwa sana ya ganda la mkwinini lililouzwa duniani ilitoka Java.

Kuja Amani

Serikali ya kikoloni ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ilianzisha kituo cha Amani mwaka 1902, ikiiga mfano wa Buitenzorg. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, mpelelezi aliyewahi kusafiri na Emin Pasha hadi eneo la Maziwa Makuu. Zimmermann alijiunga na kituo mwaka huohuo kama mtaalamu wa mimea, na mwaka 1911 akawa mkurugenzi. Kati ya wataalamu waliofanya kazi pamoja naye walikuwemo Julius Vosseler, aliyeshughulikia wadudu, na Karl Braun, mtaalamu wa mimea aliyekusanya pia majina ya mimea kwa lugha za wenyeji.

Amani iko kwenye kimo cha mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya msitu wenye mvua nyingi. Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilipita chini ya milima, na baadaye tawi dogo la reli lilijengwa kutoka Tengeni hadi Sigi, chini kidogo ya kituo. Kutoka Sigi mizigo ilipandishwa mlimani. Bustani ya majaribio ilianza kwenye joto la bonde na kupanda hadi kwenye ubaridi wa kilele, kwa hiyo mimea ya hali ya hewa tofauti iliweza kujaribiwa mahali pamoja: mpira, kakao, karafuu, kahawa, kafuri, pamba, mikwinini na mamia ya mingine.

Kituo kilikuwa na maabara ya kemia tangu mwanzo. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima udongo, mbolea, mafuta ya mbegu na maganda ya miti yenye tanini, hasa mikoko ya pwani. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Der Pflanzer, lililoanza mwaka 1905 kwa ajili ya wakulima wa mashamba makubwa. Mwanzoni Amani ilihudumia walowezi. Wakulima Waafrika wa Usambara na wa pwani walifikiwa na matunda ya utafiti huo kwa kiasi kidogo tu, ingawa ni nguvu zao zilizofyeka msitu, kulea vitalu na kubeba kila chupa hadi mlimani. Katika Usambara Magharibi, tangu mwaka 1907, wanaume walilazimishwa kwa mfumo wa kadi kufanya kazi siku kadhaa katika mashamba ya walowezi. Historia ya sayansi ya Amani haiwezi kutenganishwa na utaratibu huo.

Mpira: funzo la kwanza

Tatizo la kwanza kubwa la utengenezaji lililomkuta Zimmermann halikuwa dawa bali mpira. Miaka ya 1900 mashamba ya Muheza, Pangani na viunga vya Tanga yalipandwa Manihot glaziovii, mti wa jamii ya muhogo kutoka jimbo la Ceará nchini Brazil. Wakazi wa pwani bado wanaujua vizuri, kwa kuwa majani yake machanga hupikwa kama kisamvu cha mpira, na wengi hukipenda kuliko kisamvu cha muhogo wa kawaida.

Utomvu mweupe wa mti huu ni maji yenye chembe ndogondogo za mpira zinazoelea. Ili kupata mpira, chembe hizo lazima zigandishwe kwa asidi au chumvi fulani. Katika mashamba ya Tanga ilienea njia iliyopewa jina la shamba la Lewa: mfanyakazi alipaka dawa ya kugandisha kwenye gome la mti, akalichoma kwa kisu chenye ncha, na utomvu ukaganda palepale juu ya shina. Kisha akauvuta na kuuviringisha kuwa donge. Njia hii ilikuwa ya haraka na haikuhitaji vikombe wala ndoo. Ubaya wake ni kwamba mpira ulibeba vipande vya gome na mchanga, kiasi cha asidi kilitofautiana kutoka mti hadi mti, na madonge yaliyofungwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu au kunata melini kabla ya kufika Hamburg.

Amani ilijaribu vigandishi mbalimbali, kuanzia maji ya ndimu hadi asidi ya siki na kloridi ya kalsiamu, na pia njia za kuosha, kushindilia na kukausha. Kanuni ya majaribio ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufuata: badilisha jambo moja tu, acha mengine yote kama yalivyokuwa, pima matokeo, andika. Shambani kanuni hiyo ilivunjika kila siku. Utomvu wa asubuhi ni tofauti na wa mchana, wa masika ni tofauti na wa kiangazi, na mfanyakazi anayelipwa kwa uzito wa madonge hana sababu ya kujali usafi wake. Zimmermann alikusanya maarifa hayo yote katika kitabu kikubwa juu ya mpira wa Manihot, kuanzia kilimo hadi utayarishaji, kilichochapishwa mjini Jena mwaka 1913.

Mwaka huohuo bei ya mpira iliporomoka. Mpira wa Asia, uliotoka kwenye mti mwingine na kugandishwa katika vyombo kwa vipimo sawasawa hadi ukawa karatasi safi, ulifurika sokoni. Mashamba mengi ya Tanga yaliachwa au kung'olewa na kupandwa mkonge. Kitabu kilikuja wakati biashara yenyewe inakufa.

Miti ile haikupotea bure. Zimmermann mwenyewe alikuwa ameandika mwaka 1906 juu ya ugonjwa unaokunja majani ya mihogo na kuyatia mabaka, unaoitwa leo batobato. Miaka ya 1930, watafiti wa kituo hichohicho cha Amani chini ya Waingereza, wakiongozwa na H. H. Storey, waliuzalisha muhogo pamoja na mti wa mpira wa Manihot ili kupata mihogo inayostahimili ugonjwa huo. Uzao wa majaribio hayo umo katika mihogo mingi bora ya Afrika hadi leo.

Vita na kwinini

Vita ilipoanza Agosti 1914, meli za Uingereza zilifunga pwani. Mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi la Waingereza na Wahindi lilishuka Tanga na kushindwa, lakini bahari ilibaki mikononi mwao. Katika muda wote wa vita ni meli mbili tu za Ujerumani zilizofaulu kupenya na kuleta shehena: moja ilifika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, mwezi Aprili 1915, na ya pili ilifika Sudi, kusini, mwezi Machi 1916. Baada ya akiba ya maduka kwisha, kila kitu kilichotoka kiwandani kilipaswa kutengenezwa nchini au kukosekana.

Upungufu wa kwinini ndio uliotisha zaidi. Kwa ajili ya kinga, madaktari wa Kijerumani walifuata mafundisho ya Robert Koch, ambaye alikuwa amependekeza gramu 1 ya kwinini kwa siku mbili mfululizo, kisha kurudia baada ya siku chache. Kwa kipimo hicho mtu mmoja humaliza zaidi ya gramu 70 kwa mwaka, bila kuhesabu dozi ya matibabu. Ikiwa ganda lina kwinini asilimia 5, na hakuna hata chembe inayopotea, gramu hizo zinahitaji karibu kilo moja na nusu ya ganda kavu. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilikuwa na Wazungu wapatao 3,000 na askari Waafrika zaidi ya 10,000 wakati wa kilele chake, pamoja na wapagazi wengi kuliko hao wote.

Usambara ilikuwa na mikwinini. Ilikuwa imepandwa miaka mingi kabla kama jaribio, wala haikuwa na faida ya kibiashara, kwa sababu ganda la Java lilikuwa rahisi na bora zaidi. Mkwinini huchukua miaka kadhaa kabla ganda lake halijafaa kuvunwa. Kama miti hiyo isingepandwa mapema bila haja ya haraka, hakuna ujuzi wa kemia ambao ungesaidia mwaka 1915.

Namna ya kutoa kwinini kwenye ganda haikuwa siri. Wafaransa Pelletier na Caventou walikuwa wameitenga tangu mwaka 1820, na njia ya viwandani ilielezwa katika vitabu. Kwa ufupi ni hivi. Ganda lililokaushwa husagwa na kuchanganywa na chokaa, ambayo huiachilia kwinini kutoka katika asidi za mti na tanini zinazoishika. Mchanganyiko hukorogwa katika mafuta ya moto, kama mafuta ya taa, nayo mafuta huichukua kwinini. Kisha mafuta hutikiswa pamoja na maji yenye asidi ya sulfuri kidogo, na kwinini huhama kutoka kwenye mafuta na kuingia majini. Maji hayo husafishwa kwa mkaa, asidi iliyozidi hupunguzwa, na yanapopoa fuwele nyeupe za salfeti ya kwinini hujitenga.

Ugumu ulikuwa katika kuidhibiti kazi hiyo siku kwa siku. Unga ukiwa na chenga, chokaa haifiki ndani na kwinini hubaki kwenye makapi. Ukiwa laini mno, hugeuka tope na mafuta hayachujiki. Chokaa ikipungua, tanini haziachi dawa. Joto likizidi, mafuta ya taa hushika moto. Hatua ya mwisho ndiyo inayohitaji jicho kali kuliko zote. Ganda la mkwinini lina alkaloidi nyingine zinazofanana na kwinini, kama vile sinkonini na sinkonidini. Salfeti ya kwinini huyeyuka vizuri katika maji yanayochemka lakini kidogo sana katika maji baridi, na tofauti hiyo ndiyo inayowezesha kuitenga na zile nyingine. Asidi ikizidi kidogo tu, kwinini inabaki kwenye maji na haigandi. Alkali ikizidi, kila kitu kinaanguka pamoja, kichafu. Mtengenezaji hutia alkali kidogokidogo huku akichovya karatasi ya litimasi, na huacha mara rangi inapokaribia kugeuka.

Zaidi ya hayo, maganda yenyewe hayalingani. Ganda la shina, la tawi na la mzizi yana viwango tofauti, na miti miwili iliyosimama pamoja inaweza kutofautiana sana. Kiwanda cha Ulaya kilinunua ganda lililokwisha kupimwa. Mahali ambapo ganda hutoka porini na shambani kwa pamoja, kipimo kilichofaa kwa mzigo wa juzi huweza kuharibu mzigo wa leo, isipokuwa kama kila mzigo unapimwa kwanza kwa kiasi kidogo. Asidi ya sulfuri na mafuta ya taa navyo vilikuwa vitu vya kuagizwa kutoka nje, na bahari ilikuwa imefungwa.

Chini ya uongozi wa Zimmermann, Amani ilipata njia iliyofanya kazi katika mazingira hayo. Vidonge vya kwinini vilitengenezwa kutokana na ganda la Usambara, na baadaye, kwa kufuata maelekezo ya Amani, utengenezaji ulifanyika pia Mpwapwa, karibu na Reli ya Kati. Lettow-Vorbeck aliisifu kazi hiyo katika kumbukumbu zake za vita.

Bidhaa nyingine

Kwinini haikuwa peke yake. Katika miezi 18 ya kwanza ya vita Amani ilitoa zaidi ya chupa 15,000 za wiski na vileo vingine, vipande 10,000 vya sabuni, na pia chokoleti, poda ya meno, mafuta ya nyonyo, mishumaa na vitu vya mpira. Orodha hiyo inaweza kuchekesha kwa wingi wa vileo, lakini mtambo wa kukeneka pombe ndio huohuo unaotoa spiriti ya kusafishia vidonda na kuyeyushia dawa.

Kila bidhaa ilikuwa na kipimo chake kigumu. Sabuni hutokana na mafuta na magadi makali: magadi yakizidi huunguza ngozi, yakipungua sabuni hubaki na mafuta na kuoza. Katika kukeneka, pombe ya mwanzo na ya mwisho lazima itengwe na ya katikati. Katika koloni zima watu walijaribu ufundi wa namna hii. Ngozi zililainishwa kwa ganda la mikoko kutoka pwani na kushonwa viatu. Mpira wa mashamba yaliyoachwa ulichanganywa na salfa na kupashwa moto ili kupata matairi ya baiskeli na magari. Salfa kidogo huacha mpira unanata, nyingi huufanya mgumu kama ubao. Mpira ambao soko la dunia lilikuwa limeukataa mwaka 1913 ulipata kazi miaka miwili baadaye.

Nani alipata dawa

Kwinini ya Amani iliokoa maisha, na pia ilirefusha vita. Bila dawa hiyo jeshi la Wajerumani lingedhoofika mapema zaidi. Kwa vijiji vilivyochukuliwa nafaka na vijana, kila mwezi wa nyongeza ulikuwa mwezi wa njaa. Katika mgawo wa dawa Wazungu walitangulia, wakafuata askari, na wapagazi walikuwa wa mwisho. Watu wazima wa pwani ya Tanga walikuwa na kinga fulani ya malaria waliyoipata kwa kuugua utotoni, lakini wapagazi waliotolewa nyanda za juu zenye baridi na kupelekwa mabondeni hawakuwa nayo. Maelfu walikufa, upande wa Wajerumani na upande wa Waingereza, kwa malaria, kuhara na uchovu.

Wafanyakazi waliosaga ganda, kuchochea moto na kuchuja maji machungu huko Amani hutajwa kwa nadra sana kwa majina katika maandishi ya kituo. Ni wazi hata hivyo kwamba kazi ya namna hii haifanywi na wakurugenzi. Anayesimama kando ya sufuria ndiye anayejua kwa rangi na harufu kwamba mzigo umeharibika.

Kuanguka kwa Amani

Julai 1916 Waingereza waliteka Tanga, na ndani ya mwezi huo Amani pia. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Reli ya Kati, kisha kusini, wakibeba ganda walilokuwa nalo. Mpwapwa ilipopotea, hapakuwa tena na mahali pa kutengeneza vidonge. Ganda lilichemshwa tu kwa maji na watu wakanywa mchuzi wake. Ulikuwa mchungu kupita kiasi, na wanajeshi waliutania kwa kuuita kileo cha kamanda wao. Kwa kemia hiyo ilikuwa kurudi nyuma karne nzima, kwenye hali ya kabla ya 1820: mnywaji hakuweza kujua amekunywa kwinini kiasi gani, kwa sababu maji huchukua sehemu tu ya dawa na kila ganda ni tofauti. Bado ilikuwa afadhali kuliko kukosa kabisa, nao walitumia mchuzi huo porini.

Zimmermann hakuondoka na jeshi. Waingereza walimwacha Amani pamoja na wenzake wachache, nao waliendelea kutunza bustani, maktaba na makusanyo ya mimea. Uamuzi huo uliokoa kituo, kwani katika vita hiyo mashamba na ofisi nyingi ziliporwa au kuachwa zioze.

Miaka ya mwisho

Baada ya vita Wajerumani waliondolewa Tanganyika, na Zimmermann alirudi kwao. Mwaka 1922 alichapisha mjini Jena kazi ya juzuu mbili juu ya mimea ya familia ya maboga na matango, ambayo sehemu kubwa yake ilitokana na uchunguzi aliofanya Amani. Ni kitabu kinachoonyesha alivyopendelea mwenyewe: maua, mbegu na seli, mbali na masufuria. Aliaga dunia mwaka 1931 mjini Berlin.

Amani baada yake

Kituo kilidorora kwa miaka kadhaa hadi Waingereza walipokifufua katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika ya Mashariki, chini ya William Nowell. Mwaka 1942 Japani iliiteka Java, na dunia ikakosa tena ganda la mkwinini kwa ghafla, safari hii upande wa Uingereza na Marekani. Mikwinini ya Tanganyika ikatafutwa upya. Baada ya vita hiyo dawa za kutengenezwa maabara, kama klorokwini, zilichukua nafasi ya kwinini katika matibabu ya kawaida.

Mwaka 1948 utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga nchini Kenya. Majengo ya Amani yalichukuliwa na kitengo cha utafiti wa malaria cha Afrika ya Mashariki. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika, kazi hiyo iliendelezwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo kituo chake cha Amani kina makao Muheza. Msitu unaozunguka, pamoja na bustani iliyoanzishwa mwaka 1902, umo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani tangu mwaka 1997.